Shindano la vyuo la kuokoa kampuni zilizozidiwa na madeni: tulijadili kwa kina

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Naomba tukae kidogo kwenye jambo linalogusa vyuo, mabenki na wenye viwanda kwa pamoja, ila ni nadra kulikuta humu ndani.

Kuna shindano la wanafunzi wa biashara ambapo timu ya watu wanne inakabidhiwa faili la kampuni inayokata roho. Ndani ya faili kuna hesabu za miaka mitatu, orodha ya wadai, barua ya benki yenye maneno makali, na kurasa chache zinazoeleza bodi inagombania nini. Timu inajifungia kwa saa chache, kisha inasimama mbele ya majaji na kutoa hukumu: kampuni hii inaokoleka au haiokoleki, na kama inaokoleka, nani alipwe lini na nani asubiri.

Kufundisha biashara kwa visa vya kampuni halisi si jambo la jana. Harvard walianza mwaka 1921 na kisa cha kampuni ya viatu, na Chuo Kikuu cha Concordia kule Montreal kimekuwa mwenyeji wa shindano la kimataifa la wanafunzi wa MBA tangu 1981. Hili la kampuni zilizozama kwenye madeni limeshamiri zaidi Marekani, kwa sababu sheria yao ya ufilisi ya 1978, kwenye ile sura ya 11, inamruhusu mdaiwa aendelee na kazi huku akipanga upya madeni chini ya ulinzi wa mahakama. General Motors iliingia huko tarehe 1 Juni 2009, na ilipofika tarehe 10 Julai sehemu ya biashara yake iliyo na uhai ilikuwa imeshahamia kwenye kampuni mpya, serikali yao ikiwa imetia mabilioni ya dola. Mwanafunzi wa kule anakua akijua kwamba kampuni kushindwa kulipa si mwisho wa kampuni.

Kazi yangu mimi ni mikopo iliyokwama, upande wa benki. Nimewahi kukaa meza ya majaji kwenye shindano la namna hii hapa Dar. Chuo na waandaaji sitawataja, maana hoja yangu haiwahusu wao peke yao. Hoja yangu ni hii: kinachookoa kampuni ni muda, na muda huo wako nao wadai. Anayetaka kuokoa kampuni lazima ajue kuomba muda, kwa namba za kweli, kwa mtu ambaye ameshachoka kudanganywa. Vyuo vyetu vinafundisha kusoma mizania vizuri sana. Hili la kuomba muda hatulifundishi kabisa, na shindano ndiyo sehemu pekee niliyoona likifundishwa.

Faili lenyewe lilikuwa hivi. Kampuni ni ya kubuni na namba ni za mfano, ila mkasa wake kila mtu wa viwanda vya Barabara ya Nyerere anaujua. Kiwanda kina laini mbili: moja ya mifuko ya plastiki ya kubebea, nyingine ya viroba vya kufungashia unga na sukari. Tarehe 1 Juni 2019 katazo la mifuko ya plastiki likaanza, laini ya kwanza ikasimama siku hiyohiyo. Mkopo wa benki ni bilioni 6, umewekewa dhamana ya jengo na mashine zote. Wauzaji wa malighafi wanadai bilioni 1.8. TRA milioni 700. Michango ya NSSF ambayo haijapelekwa, milioni 240. Mishahara ya nyuma, milioni 180. Jumla ni bilioni 8.92. Vitabu vinasema mali za kampuni zina thamani ya bilioni 11, lakini mthamini anasema zikienda mnadani haraka zitaleta bilioni 4.

Laini ya viroba iliyobaki inauza milioni 420 kwa mwezi, na gharama za kuiendesha ni 350. Inabaki 70. Rejesho la benki kwa mwezi ni 165.

Tulia hapo kwanza uzitazame hizo namba mbili, 70 na 165.

Timu karibu zote zilikimbilia sehemu moja: mwekezaji mpya, bidhaa mpya (mifuko mbadala ikapendwa sana), masoko ya Kongo na Malawi, na kwenye slaidi ya mwisho mauzo yanapanda kama ngazi. Hakuna aliyesema mwekezaji huyo atatoka wapi, na kwa nini aweke hela yake kwenye kampuni ambayo benki inaweza kuipiga mnada kesho. Timu moja ilipunguza wafanyakazi 60 kwa mstari mmoja tu na kuhesabu mishahara yao kama akiba kuanzia mwezi wa kwanza. Jaji mmoja akauliza: "Kiinua mgongo mmekiweka wapi?" Kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka mtu aliotimiza kazini, mwisho miaka 10. Mfanyakazi wa mshahara wa laki 4 mwenye miaka 8 anaondoka na kama laki 8 na 60 elfu. Ukizidisha kwa watu 60 unakaribia milioni 52, bado notisi na malipo ya likizo. Halafu kuna kukaa mezani na chama cha wafanyakazi kabla hujampunguza hata mmoja, na mkishindwana mnaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kampuni haina hela ya kuwaacha watu, na huo ni ukweli ambao kwenye jedwali la kompyuta hauonekani mpaka mtu aulize.

Timu iliyoshinda haikuwa na slaidi nzuri. Walikuja na karatasi moja kubwa yenye safu 13, kila safu wiki moja. Juu hela inayoingia, chini inayotoka. Wakaweka PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 7, VAT tarehe 20, mishahara mwisho wa mwezi, umeme, malighafi kwa fedha taslimu kwa sababu muuzaji hakopeshi tena. Wateja wao wakubwa hulipa baada ya siku 60, kwa hiyo hela ya wiki ya kwanza ni ya mzigo uliotoka miezi miwili nyuma. Wiki ya 6 ilikuwa nyekundu. Binti aliyekuwa anaongea aliiwekea kidole akasema: "Hapa ndipo kampuni inakufa, hata kama kwa mwaka mzima inaonekana ina faida."

Kisha wakaja kwenye mashine za laini iliyosimama. Kila timu ilikuwa imeziuza kwa milioni 600 na kuziita mtaji. Wao ndio pekee walioandika kwamba zile mashine ni dhamana ya benki na haziuziki bila ridhaa yake. Mimi nilikuwa nimepewa nafasi ya benki kwenye igizo, nikamwambia: basi milioni 600 zote zije kupunguza mkopo. Akanijibu, na nimeandika jibu lake: "Mkizichukua zote mtabaki mnadai bilioni 5.4 kwa kiwanda kisicho na malighafi, na dhamana yenu itabaki mnada ule ule, pungufu ya mashine. Mkituachia, 180 inalipa mishahara ya nyuma, 240 inakwenda NSSF, 180 inanunua malighafi. Tunapangisha godauni la pembeni kwa milioni 15 kwa mwezi. Sabini na kumi na tano ni 85. Riba yenu kwa asilimia 15 ni 75 kwa mwezi. Tunaomba miezi 12 ya kulipa riba tu, na kila Jumatatu mtaona hesabu ya wiki iliyopita, nzuri au mbaya."

Nimekaa na wamiliki wa kampuni za kweli, wenye mawakili na washauri wa kulipwa, na sijawahi kuletewa ombi lililonyooka namna ile. Hakuomba huruma. Alinionyesha kwamba mnada utanipa bilioni 4 kama bahati ipo, baada ya zuio la mahakama na miaka ya kuahirishwa, na kwamba kumsubiri yeye kuna faida kwangu.

Hivi ndivyo vijana tunaowahitaji. Miaka ya 2017 na 2018 mikopo chechefu, yaani iliyokwama bila kulipwa, kwenye mabenki yetu ilivuka asilimia 10, wakati kiwango ambacho Benki Kuu inakiona kinavumilika ni 5. Sasa imeshuka chini ya hapo, na ni jambo la kushukuru. Ila sehemu ya kushuka huko ni mikopo iliyofutwa vitabuni na dhamana zilizouzwa, na nyuma ya kila dhamana iliyouzwa kulikuwa na watu waliokuwa wanaingia kazini asubuhi.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

#2 Mchangiaji wa Tabata

Mkuu, uzi umeshiba. Swali langu dogo: hao vijana watajifunzia wapi wakati hapa kwetu hatuna mfano wa kampuni iliyookolewa? Tunajua zilizokufa tu.

#3 Mzee wa samani

Wanangu, hamjambo. Nimesoma mpaka mwisho na nimeona niseme.

Nilikuwa na karakana ya samani maeneo ya Chang'ombe. Tulikuwa tunatengeneza madawati na makabati ya ofisi, wateja wetu wakubwa ni taasisi. Taasisi ikichelewa kulipa, wewe ndiye unayeonekana mdaiwa sugu. Benki niliyokuwa nayo, sitaitaja, nilikwenda mara kwa mara kuomba wanisogezee marejesho mpaka nilipwe. Kila nikienda napokelewa na kijana mwingine, yule wa kwanza kahamishwa. Kila mmoja anataka nianze kueleza upya. Mwisho nikaona dalali yuko getini na tangazo limeshatoka gazetini. Mashine ya kupasulia mbao niliyoinunua mpya iliuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na deni likabaki.

Baada ya hapo yale malipo ya taasisi yakaja. Yamechelewa.

Kwa hiyo mleta uzi, mwanangu, nakuuliza kwa heshima. Wanafunzi wako wamejua kuomba vizuri. Aliyepo upande wa pili wa meza amefundishwa kusikiliza? Mimi namba zangu zilikuwa za kweli.

#4 Mleta uzi

Mzee wangu shikamoo. Pole sana, na asante kwa kusema wazi. Hoja yako ndiyo ngumu kuliko zote na sitaikwepa, nitaijia chini kidogo baada ya kumjibu ndugu wa Tabata.

Mfano tunao, mkubwa kabisa, tena tunapita mbele yake kila siku. NBC ya zamani, benki ya biashara ya serikali, ilipogawanywa mwaka 1997, kipande kimoja kilichotoka ni benki ya NMB. Kilirithi matawi ya wilayani ambayo hakuna aliyeyataka, na mwanzoni hakikuruhusiwa hata kukopesha. Kulikuwa na watu wazito waliotaka kifungwe. Mwaka 1999 serikali ikakodi menejimenti kutoka nje, kampuni ya DAI ya Marekani, kwa mkataba wa kuiendesha. Hawakuanza na majengo mapya. Walinyoosha hesabu za matawi, wakaanza mikopo midogo mwaka 2000 kwa watu wale wale waliokuwa wanapanga foleni ya kuweka akiba, na matawi yaliyoonekana mzigo yakageuka kuwa ndiyo mali yenyewe. Mwaka 2005 kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi likanunua asilimia 49, na 2008 hisa zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Leo ni moja ya benki mbili kubwa nchini. Kama chuo chochote hapa mjini kinatafuta keisi ya kuwapa wanafunzi, kianze na hiyo, nyaraka zake nyingi ziko wazi.

Mfano wa pili uko Tanga. Kiwanda cha saruji cha Maweni kilikuwa cha ARM Cement ya Kenya. Agosti 2018 ARM ikawekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni. Wasimamizi hawakupiga mnada tanuru na magari kimoja kimoja. Waliuza biashara nzima ikiwa hai: upande wa Kenya kwa dola milioni 50, na Maweni ikachukuliwa na Huaxin ya China mwaka 2020 kwa dola milioni 116. Wanahisa wa ARM hawakunusurika, hisa zao zilisimamishwa kule Nairobi. Tanuru la Tanga linawaka.

Nautaja mfano huu makusudi kwa sababu wanafunzi wengi wanachanganya kuokoa kampuni na kumwokoa mwenye kampuni. Mara nyingine mwenye kampuni inabidi aachie kiti ili kazi za watu zibaki. Kuna timu moja ilipendekeza mkurugenzi mwanzilishi apishe, abaki mwanahisa tu, na jaji mmoja aliyejenga biashara yake kwa mikono alikasirika kabisa. Ule mjadala ulikuwa mtamu kuliko slaidi zote za siku ile.

Sasa mzee wangu. Upande wa benki, mkopo ukipita siku 90 bila rejesho unaingia kundi la chechefu, na benki inalazimika kuutengea fedha kutoka kwenye faida yake. Kuanzia hapo yule kijana uliyemkuta anapimwa kwa kitu kimoja: faili limefungwa au halijafungwa. Kumsikiliza mteja hakumpandishi cheo. Siandiki haya kuwatetea, naeleza mtego ulipo. Ndiyo maana naona shindano hili lazima majaji wake wawe maofisa wa mikopo wenyewe, wale wanaoshika mafaili, wala si wakurugenzi wanaokuja kupiga picha. Mle ndani ofisa analazimika kusikiliza ombi mpaka mwisho na kulitolea sababu mbele ya watu. Na aliyekutesa wewe alikuwa anabadilishwa kila mara, basi kwenye mashindano kuwe na kipengele hicho: katikati ya mazungumzo ofisa anaondolewa, anakuja mwingine, timu inaanza upya. Nitalipeleka pendekezo hilo kwa waandaaji ninaowafahamu.

#5 Dada wa hesabu

Kaka mleta uzi, nakubaliana na mengi ila hapa kuna kitu hakijasemwa. Mimi ni mhasibu, nimefanya ukaguzi kwenye kampuni za kati kwa muda mrefu. Kuna kampuni hazitakiwi kuokolewa, na kila mwezi zinaoongezewa ni mwezi wa kuumiza wengine.

Angalieni Nakumatt, ile kampuni ya Kenya ya maduka makubwa. Ilipokuwa inayumba, wauzaji waliendelea kupeleka mzigo kwa matumaini, kule Kenya na hata hapa Dar ambako ilichukua maduka ya Shoprite mwaka 2014. Unga, maziwa, sabuni, vyote kwa mali kauli. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura ifilisiwe. Aliyesimama kupeleka mzigo mapema aliumia kidogo, aliyeamini hadithi ya uokoaji aliumia sana. Na wengi wao walikuwa wafanyabiashara wadogo kuliko Nakumatt yenyewe.

Kwa hiyo nikiwa jaji, timu itakayosimama na kusema "hii ifungwe sasa, kwa utaratibu, wafanyakazi walipwe kwanza" nitaipa alama sawa na ile iliyookoa, ikiwa hesabu zinaonyesha hivyo. Kwenye mashindano niliyoyaona hakuna timu inayothubutu. Wanajua jina la shindano ni kuokoa, basi wanaokoa hata maiti.

Na kwenye keisi yako, zile milioni 240 za NSSF. Sehemu yake ni hela zilizokatwa kwenye mishahara ya watu na hazikufika. Siwezi kuziita deni kama deni la muuzaji wa malighafi. Nimefurahi kwamba yule binti aliziweka mwanzo.

#6 Wakili wa Upanga

Nichangie upande wa sheria kwa ufupi, maana naona watu wanadhani hapa kwetu njia ni mnada tu.

Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, iliyotungwa 2002 na kuanza kutumika 2006, ina njia zaidi ya moja. Upo mpango wa makubaliano na wadai: wadai wanaitwa, na wakikubali walio wengi wenye robo tatu ya thamani ya madeni ya waliopiga kura, kisha mahakama ikabariki, unawafunga hata waliokataa. Ipo pia amri ya usimamizi: mahakama inamteua msimamizi wa kuiendesha kampuni, na muda huo wadai hawawezi kuendelea kukamata mali bila ridhaa yake au ruhusa ya mahakama. Hapa Dar mashauri mengi ya namna hii unayakuta Mahakama Kuu Divisheni ya Biashara, iliyoanzishwa 1999.

Tatizo ni kwamba wateja wanatufikia wakati benki imeshamteua mpokezi wake wa mali (receiver) na makufuli yameshabadilishwa. Njia ya usimamizi inahitaji kampuni iwe bado na kitu cha kusimamia. Nawaomba waandaaji wa mashindano waweke tarehe kwenye faili. Wanafunzi waambiwe leo ni siku gani, notisi ya benki ilitoka lini, inaisha lini. Ukiondoa tarehe umeondoa nusu ya ugumu.

#7 Mwanafunzi wa jioni

Shikamooni wakubwa. Mimi nasoma MBA ya jioni, mchana niko kazini Kariakoo. Timu yetu inajiandaa na shindano kama hili. Mwalimu wetu ametupa fomula ya Altman ya kupima hatari ya kampuni kufilisika na anasema tuanzie hapo. Je, inatosha kwa raundi ya kwanza? Na majaji wanakerwa na nini zaidi?

#8 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kubeba kazi na shule pamoja.

Kwanza dada wa hesabu: nimekubali yote, hasa la kufunga kwa utaratibu. Keisi nzuri inatakiwa iandikwe kiasi kwamba majaji wenyewe wagawanyike kuhusu kama kampuni inaokoleka. Wakili, suala la tarehe nalo nalichukua lilivyo.

Sasa Altman. Alitoa kipimo chake mwaka 1968 akitumia kampuni 66 za viwanda za Marekani, nusu zilizofilisika na nusu zilizosalimika. Kinajumlisha uwiano wa aina tano, na matokeo yakiwa chini ya 1.81 kampuni iko hatarini, yakivuka 2.99 iko salama. Ni kazi nzuri na imedumu. Ila kipimo chake cha kwanza kinahitaji thamani ya hisa sokoni, na kampuni nyingi zitakazokuwa kwenye faili lako hazijaandikishwa Soko la Hisa (DSE), kwa hiyo tumieni toleo alilolitoa baadaye kwa kampuni zisizo sokoni. Na hata hivyo kipimo hicho kinakwambia mgonjwa ana homa. Kwenye shindano hilo linajulikana tangu ukurasa wa kwanza, barua ya benki imeshasema. Kipeni nusu slaidi muende mbele.

Kinachowakera majaji, nikijisemea mwenyewe, ni timu isiyojua benki inataka nini. Unasimama unaniomba niongeze mkopo wa bilioni 2 juu ya bilioni 6 nisizolipwa, na hujaniambia kama mnada ungenipa ngapi. Fanyeni hesabu ya mnada kwanza kabisa, kabla ya kitu kingine chochote: jengo litauzwa ngapi kwa haraka, mashine ngapi, dalali na wakili wanakula ngapi, nani anafuata kwenye foleni na kama anafikiwa. Namba hiyo ndiyo sakafu. Kila mnachomwomba mdai lazima kimwache juu ya sakafu yake, na muwe na sakafu ya kila mdai, si ya benki peke yake. Muuzaji wa malighafi kwenye mnada anapata sifuri, kwa hiyo yeye ana sababu kubwa ya kukusikiliza kuliko benki, na karibu kila timu inamsahau. Mpeni ahadi ya kumlipa taslimu kwa mzigo mpya na kumpunguzia la zamani kidogo kidogo kuanzia mwezi wa saba, muone kama hatawapa malighafi.

Jambo jingine ni deni kugeuzwa hisa. Timu zinalipenda kwa sababu wamelisoma kwa Kenya Airways, ambako mwaka 2017 mabenki yaliyokuwa yanadai yaliishia kuwa wanahisa. Kumbukeni ilichukua mpaka 2024 kampuni ile kupata faida ya mwaka, shilingi za Kenya bilioni 5.4, baada ya zaidi ya miaka 10 ya hasara, na bado serikali ilikuwa nyuma yake muda wote. Kwa kiwanda cha viroba, benki haitaki hisa zako. Haina pa kuziuza.

Igizo la wafanyakazi nalo msilichukulie kirahisi. Kama kuna jaji anayekaa nafasi ya mwakilishi wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, ongeeni naye Kiswahili, kwa namba za mshahara wa mtu mmoja. Mfanyakazi aliyekaa miezi miwili bila mshahara anataka kujua Ijumaa hii kuna nini, na mkiwa na ile karatasi ya wiki 13 mtaweza kumjibu kwa tarehe.

#9 Mzee wa samani

Mwanangu, nimekuelewa. Kama shindano litafanyika hapa mjini na wakahitaji mtu wa kukaa upande wa mwenye kiwanda, mimi nitakuja. Makaratasi yangu yote bado ninayo, barua nilizoandika na majibu niliyopewa. Wanafunzi wayasome.

#10 Mleta uzi

Mzee wangu, hiyo ni zawadi kubwa. Majina na nembo tutayafuta, barua zibaki na tarehe zake kama wakili alivyoshauri. Faili la namna hiyo hakuna mwalimu anayeweza kulitunga.

Mdogo wangu wa MBA na timu yako, wakati tunasubiri, fanyeni zoezi hili kwa namba nilizoweka kule juu. Chukueni ule mpango wa riba tu, 85 inayobaki dhidi ya 75 ya benki. Kisha pandisheni gharama ya uendeshaji kwa asilimia 5 tu, kutoka 350 hadi 367.5, kwa kuwa malighafi inalipwa kwa dola na shilingi imeteleza. Ile 85 inashuka hadi 67.5 na riba haitoshi tena. Benki imeshakubali miezi 12, na huu ni mwezi wa tatu. Andikeni barua ya ukurasa mmoja ambayo kampuni inatakiwa kuipeleka benki Jumatatu hiyo. Iwekeni hapa, mimi na dada wa hesabu tutaisoma kama wadai.

#11 Mwanafunzi wa jioni

Tumeipokea. Tunakutana kesho baada ya kipindi, barua itakuwa hapa kabla ya Jumapili. Swali moja: tunaruhusiwa kumwomba muuzaji wa malighafi ashiriki hiyo hasara, au tuiongelee na benki peke yake?

#12 Mleta uzi

Mnaruhusiwa, na mkianza naye yeye mtaenda benki mkiwa na kitu mkononi. Ila aambiwe ukweli ule ule mtakaoiambia benki, kwa namba zile zile. Wadai wanaongea wao kwa wao.